Siku Mama Alipokuwa Mwamuzi wa Mbio Zetu

Enzi zetu, na nyie mliokulia Walthamstow, hapa hapa London, pamoja nami mtanisahihisha nikikosea, mashindano ya riadha ya skuli hayakuwa mashindano tu. Yalikuwa shughuli. Na nikisema shughuli, mtu wa kwetu ananielewa: sare, masufuria makubwa, kamati, na kina mama kununiana kwa sababu ya nani kapangiwa kachumbari. Mpaka leo nikisikia filimbi ya mwalimu wa michezo, naangaza huku na huku kumtafuta aliyebeba pilau.

Tulikuwa tunakimbia na raba nyeusi nyembamba, zile ambazo ukikanyaga kijiwe unalijua umbo lake. Majani ya uwanja hayakukauka hata Juni. Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka soksi mbichi na manukato ya kupuliza ya bei ya chini, na mlango wake haufungiki, kwa hiyo mmoja alivaa na watatu wakashika taulo. Tukitoka skuli tunalishuka lile soko refu, chipsi mkononi zimelowa siki, tunakimbizana baina ya meza za nguo na za samaki mpaka wauzaji wanatutolea maneno. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yetu. Watoto wa leo, Mungu awahifadhi, hawanyanyui mguu mpaka wasikilize muziki wa kupasha mwili moto. Nasra, binti yangu wa miaka kumi na miwili, ana chupa ya maji kubwa kama mtungi wa gesi, na akimaliza mita mia moja anaitazama saa ya mkononi imwambie kama kachoka. Sie tulijua tumechoka tukianguka.

Sasa sikilizeni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na mimi, na timu yetu ya wasichana ya mbio za kupokezana vijiti ilikuwa moto. Tulikuwa wanne. Khadija, mtoto wa Kipemba, alianza, maana alikuwa mwepesi wa kushtuka. Khadija akampa kijiti Leanne, mtoto wa Kiingereza aliyekaa mtaa wa nyuma yetu. Leanne akampa Furaha, ambaye wazee wake walitoka Bukavu. Na Furaha akanipa mimi, Salma, nimalize kazi. Hakuna skuli ya jirani iliyotushinda mwaka ule. Ndipo mwalimu wetu wa michezo, Miss Talbot, akatukusanya ukumbini, macho mekundu, akatwambia hatuendi kwenye mashindano ya wilaya. Kila skuli ilitakiwa ilete watu wazima watatu wa kusaidia kuamua, na yeye alikuwa peke yake. Walimu wengine wote walishachukuliwa na mpira wa wavulana.

Mnajua ilikuwa na maana gani? Mshindi wa wilaya, mmoja tu, ndiye aliyekwenda fainali za London nzima, kwenye uwanja mkubwa wenye njia nyekundu na majukwaa. Nilikuwa naiota ile njia nyekundu. Na kina Furaha walishaambiwa wanahamishiwa nyumba Woolwich, ng'ambo ya mto, kiangazi kikimalizika. Ilikuwa mwaka ule au basi tena.

Miss Talbot alitupa barua tupeleke nyumbani. Barua za skuli mnazikumbuka wenyewe: sie watoto ndio tulikuwa wakalimani, na kilichotafsiriwa ni kile tu tulichotaka kijulikane. Barua ya kuchelewa darasani ikifika jikoni kwetu inakuwa barua ya chanjo. Lakini hii nilimsomea Mama neno kwa neno. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hajavua hata koti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Kumbe tatizo watu?" akasema. "Watu! Si tunao watu sie? Mwambie mwalimu wako asilie."

Jumamosi ya wiki ile ile, tulipotoka chuoni kusoma Kurani, kikao kikafanyika sebuleni kwa Bi Asha, mama yake Khadija, fundi cherehani, mwanamke ambaye akinong'ona anasikika kituo cha basi. Walikuja kina mama saba. Mama Furaha naye aliitwa, na ingawa Kiswahili chake cha Kongo kilimchekesha Bi Asha mpaka akashika mbavu, walipopatana hao wawili hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Hapakuwa na hata mmoja pale aliyewahi kuyaona mashindano ya riadha ya skuli. Kamati waliyoijua wao ni ya harusi, basi wakaiendesha kama ya harusi. Nani mpishi, nani wa usafiri, nani wa kupokea wageni, nani wa vigelegele. Sare ikachaguliwa, kanga za rangi ya skuli yetu, buluu na manjano, ziagizwe Unguja kwa mtu anayekuja wiki ya pili. Bi Asha akajitwika kutushonea suruali ndefu nyepesi za kukimbilia mimi na Khadija, na alipomaliza akashona na za Leanne na Furaha, wasijione wapweke. Miss Talbot alialikwa kikao kilichofuata. Alikuja na daftari na kalamu, akatoka na sahani ya vitumbua, daftari jeupe vile vile.

Mazoezi yakachukuliwa na Mama Furaha. Alikuwa anasafisha maofisi alfajiri, na jioni, badala ya kulala, anatungoja kwenye bustani ya mtaa na kijiti chetu mkononi. Kijiti chenyewe kilikuwa kipande cha mpini wa ufagio, kakikata na kukizungushia gundi ya karatasi. Yeye alikimbia skuli kwao Bukavu usichanani, na alikuwa mkali! "Mukimbie, batoto! Musigeuke nyuma!" Mkono nyuma, kiganja wazi, usiangalie, mwenzio atakupa. Mara mia tulikiangusha. Mara ya mia na moja kikaanza kutua kiganjani kama kimezaliwa pale, na hapo ndipo nilipojua, wallahi nilijua, kwamba tunakwenda fainali za London nzima.

Siku yenyewe, jamani! Siku yenyewe jua lilitoka, na kwa mji huu hilo peke yake lingetosha kuwa sherehe. Skuli nyingine zilikuja na mabasi yao ya kukodi. Moja, ya watoto wa wenye nafasi, ilikuwa na mwalimu wa mbio tu, kazi yake hiyo hiyo, na wasichana wake wote wamefunga utepe mwekundu kwenye nywele. Sie tulishuka kwenye basi la kawaida la abiria, wanawake saba ndani ya sare, masufuria mawili ya pilau yamefungwa kwa mashuka, ndoo ya kachumbari, sambusa, kachori, vileja, na mikeka. Dereva aliuliza harusi ya nani. "Ya hawa wanne," Bi Asha akamjibu kwa Kiswahili, akapita zake.

Miss Talbot alikuwa ameomba machungwa yaliyokatwa. Ati machungwa! "Na wageni watakula nini?" Mama alimuuliza, na wageni, kumbe, ni uwanja mzima. Walilisha warusha tufe, walilisha walimu, walilisha karani wa mashindano, walilisha mpaka wale wa utepe mwekundu, na wawili kati yao walirudi kwa sahani ya pili. Sie wanne tu ndio tuliokatazwa. Mama Furaha alikaa pembeni mwa mkeka kama askari, hakuna kula mpaka mukimbie. Mdalasini na karafuu zinatupiga puani, matumbo yanaunguruma, na hao wapinzani wanatuuliza ile sambusa imetiwa nini.

Mkuu wa waamuzi alikuwa mzee wa Kiingereza mwenye kofia ya majani, na yeye ndiye aliyegawa kazi. Bi Asha alipewa reki ya kusawazisha mchanga wa waruka mbali, na aliupiga ule mchanga kama ua la nyumba siku ya kuamkia Idi. Mtoto akitoka bila kukung'uta miguu anarudishwa. Mama Furaha akapewa kukusanya vijiti. Na Mama, Bi Zuwena wangu, akawekwa kwenye mstari wa mwisho awe mwamuzi wa nafasi ya pili. Enzi zile kamera hakuna. Kila nafasi ina mtu wake. Mmoja anamvizia wa kwanza, mwingine wa pili, mwingine wa tatu, na ukimwona wako unamwekea mkono begani, humwachii mpaka karani aandike jina lake. Basi, hiyo ndiyo hukumu.

Loo, Mama aliifanya ile kazi! Kanga kaikaza kiunoni, macho hayapepesi. Wavulana wengine warefu ilimbidi aruke ndiyo alifikie bega. Na kila aliyemshika alimwambia, "Pole mwanangu, umekimbia vizuri," kwa Kiswahili kitupu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeuliza anaambiwa nini. Tangu asubuhi hakukosea hata mara moja. Mzee wa kofia alimwambia Miss Talbot hajapata kuwa na mwamuzi kama yule, na Miss Talbot akatwambia sie, na sie vichwa vikavimba.

Mbio zetu zikaja mwisho kabisa. Nimesimama kwenye kona yangu, nasikia bastola, pa! Khadija huyo! Kina mama wakapasuka kwa vigelegele mpaka njiwa wakaruka kwenye paa la banda. Khadija akampa Leanne, safi. Leanne alikuwa hana mbio sana pale katikati, tukashuka nafasi ya tatu, nikasikia Bi Asha anapiga kelele kutoka mchangani, reki juu. Furaha akapokea. Mtoto yule aliingia kwenye kona kama ana deni la mtu, akampita mmoja, mimi huku nimeshageuka, mkono nyuma, kiganja wazi, siangalii, siangalii, tap! Kijiti hiki hapa!

Mbele yangu alibaki mmoja, mrefu, utepe mwekundu unapepea. Sijui niliutoa wapi ule upepo. Nilimfikia mita thelathini kabla ya mwisho, nikasikia anavyohema, tukawa bega kwa bega, vigelegele vimekuwa ukuta wa sauti, sioni kitu ila Mama amesimama pale mwisho na sare yake ya buluu na manjano. Tukajirusha kifua mbele, wote wawili, pamoja. Pamoja kabisa. Mwamuzi wa nafasi ya kwanza, mwalimu mmoja wa skuli nyingine, alinyoosha mkono ukabaki hewani, unakuja kwangu, unakwenda kwa mwenzangu, hajui pa kuutua.

Na mkono wa Mama ukatua begani kwangu.

Ulitua na kushika. Yule mwalimu akautazama, akamtazama Mama na kanga yake, akaweka mkono wake kwa mwenzangu. Imekwisha. Mama mzazi kasema mwanawe wa pili, nani atabisha? Mzee wa kofia akaivua kofia yake mbele ya Mama. Uwanja mzima ukapiga makofi, mwalimu wa wale wa utepe mwekundu akaja kumpa mkono, Miss Talbot analia. Bi Asha alitupa reki, akaja mbio. "Zuwena, una nini wewe? Si ungengoja! Mzungu wa watu alikuwa hajaamua!" Mama alikuwa bado kanishika, macho yamejaa machozi, na mimi nikalitoa bega langu kwa nguvu.

Pilau sikuila. Kwenye basi nilikwenda kukaa ghorofa ya juu, siti ya mbele, nikamwacha Mama chini na masufuria. Na kwa wiki mbili nzima nilimjibu kwa Kiingereza. Nyie mnalijua hilo lilivyokuwa nyumbani kwetu. Kiingereza cha mezani kilikuwa kama kupigiwa mlango usoni. Yeye ananiambia, "Salma, njoo ule," mimi namjibu kama ninavyomjibu kondakta. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi mwanangu, yamepita," akaendelea kukuna nazi. Kiangazi kikaisha, kina Furaha wakahamia Woolwich, timu ikafa. Ile njia nyekundu sikuikanyaga mpaka leo.

Lakini jina la Mama lilivuma. Mwalimu mkuu alimtaja kwenye mkutano wa asubuhi. Ustadhi wetu akamtolea mfano chuoni, mwanamke aliyesema haki juu ya damu yake, na Mama alipohadithiwa aliinamisha uso, sie tukadhani unyenyekevu. Pole pole hasira zangu zikageuka fahari. Nimekua na hadithi ile. Nimewasimulia wenzangu kazini, mume wangu kabla hajanioa, na Nasra ameisikia mpaka anaimalizia yeye, kwa Kiingereza, huku anazungusha macho.

Siku hizi kamati ni grupu kwenye simu. Mimi nimo, na sina ubaya nalo, watu wanajitolea, magari yanapatikana, fulana zinachapishwa. Lakini vikao vya sebuleni hakuna. Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi, kisije kikamdhuru mtoto wa mtu, kwa hiyo tunapeleka machungwa. Yamekatwa dukani. Miss Talbot angefurahi. Jumamosi iliyopita skuli ya Nasra ilikuwa na mashindano yake, nikamchukua na Mama, na kiti chake cha kukunja, maana magoti yamechoka. Uwanjani kuna mashine ya picha kwenye mstari, mtoto akifika jina lake linatoka kwenye ubao kabla hajavuta pumzi. Wazazi wenzangu wakawa wanaisifu. Mimi tena, ulimi haunitulii, nikawaambia enzi zetu mashine ilikuwa hii hapa, nikamwonyesha Mama, nikawapa hadithi yote kwa Kiingereza, na vigelegele vyake. Wakampigia makofi. Mmoja alifuta machozi.

Mama akanivuta mkono wa koti.

"Salma. Usiwahadithie watu tena hiyo."

"Kwa nini, Mama?"

"Mie siku ile sikuona nani wa kwanza." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Nilikuona unakuja, nikasahau kama mie mwamuzi. Nilikudaka tu mwanangu. Nikaja kushtuka, mzee wa watu keshavua kofia."

Nilisimama kama nimemwagiwa ndoo ya maji. "Mama! Kwa hiyo nilishinda?"

"Wallahi sijui. Yule mwenzio hata sura yake sikuiona. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Miaka yote ile! Mwalimu mkuu, ustadhi, mume wangu! Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga kelele, nilitaka nirudi kwenye basi lile nishuke chini nikakae karibu na masufuria. Sikupata nafasi ya lolote. Bastola ililia, Nasra alikuwa njia ya tano, na sie wazazi wote kwa pamoja tukanyanyua simu.

Alifika wa nne. Mashine ilisema wa nne, na hakuna aliyebisha. Video ninayo, safi, unaona mpaka kamba za viatu. Siku yetu sie haina hata picha moja, na hakuna mtu duniani atakayeniambia nani alitangulia. Nasra wangu yeye atajua maisha yake yote alikuwa wa ngapi. Kwenye video anavuka mstari, anainama, mikono magotini, kisha anainua kichwa na kutafuta uso wa mtu, na nyuso zetu zote ziko nyuma ya simu. Halafu kanga inaingia kwenye picha. Mama keshaacha kiti, keshavuka kamba wasiyoruhusiwa kuvuka wazazi, kijana wa fulana ya kung'aa anamfuata kumwambia hapana, bibi, hapana, na yeye hasikii, anakwenda na magoti yake yale yale, akamdaka mjukuu wake mabega yote mawili. Nasra hakujitoa. Video inaishia hapo, maana simu niliitia mfukoni, nikavuka kamba na mimi.